Njia Nne za Kupata Ruhusa ya Kunakili na Kusambaza Nyimbo za Wengine: Ipi Inakufaa?

Kwaya imeshaushika wimbo, studio imeshalipwa nusu, ndipo mtu mmoja anauliza swali lililopaswa kuulizwa mwezi mmoja nyuma: huu wimbo tuna ruhusa ya kuutoa? Ushauri unamiminika kutoka kila upande. Mmoja anasema mwandikieni mwimbaji. Mwingine anasema lipeni chama cha mirabaha, yaani kile kinachowakusanyia watunzi malipo ya nyimbo zao, yaishe. Wa tatu amesikia kuna leseni ya kisheria isiyohitaji kumwomba mtu. Wa nne anasema achaneni na wimbo huo, zipo nyimbo za bure. Kila mmoja ana ukweli wake. Lakini kila njia kati ya hizo ikifuatwa mahali pasipo pake inaweza kukuacha na maboksi ya CD usizoweza kuzigawa.

Nitazilinganisha njia hizo nne kwa vigezo vilevile. Kabla ya vigezo, kuna jambo moja ambalo lisipoeleweka, hata njia nzuri itakupa ruhusa ya kitu usichokihitaji.

Wimbo mmoja, mali mbili

Ndani ya kila wimbo uliorekodiwa kuna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Hiyo ni ya mtunzi, au ya mchapishaji wa muziki aliyekabidhiwa haki, au ya warithi. Ya pili ni rekodi: ile sauti iliyonaswa studio siku fulani na watu fulani. Hiyo kwa kawaida ni ya aliyegharamia kazi, awe lebo, prodyuza au mwimbaji mwenyewe. Hata namba za utambulisho ni tofauti. Utunzi hupewa ISWC, inayoanza na herufi T. Rekodi hupewa ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Wimbo mmoja uliorekodiwa na waimbaji kumi una ISWC moja na ISRC kumi. Hali kadhalika alama: ℗ kwenye CD inataja mwenye rekodi, wala haikuambii mtunzi ni nani.

Ukipiga fotokopi ya maneno, unagusa utunzi peke yake. Ukiimba na kurekodi upya kwa sauti zenu na ala zenu, bado ni utunzi peke yake. Ukinakili CD, au ukihamisha faili la wimbo kwenye flashi mia moja, umegusa vyote viwili, na unahitaji ruhusa mbili. Ukiimba juu ya biti iliyochukuliwa kutoka rekodi ya mtu, ni vyote viwili pia, na hapa ndipo wengi huteleza kwa sababu wanajiona "wamerekodi upya".

Somo hili nililipata kwa gharama. Kikundi nilichokisaidia kiliuomba wimbo kwa mwimbaji aliyeupa umaarufu, naye kwa moyo mweupe akatujibu kwamba tuendelee. Nakala zilipokuwa zimeshatoka, familia ya mtunzi ikaandika kuuliza nani ametupa ruhusa. Mwimbaji hakutudanganya, alitoa ruhusa ya kitu ambacho hakikuwa chake. Sisi tulirekodi upya, kwa hiyo rekodi yake hatukuihitaji hata kidogo. Tulichohitaji kilikuwa utunzi, na utunzi ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufariki, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo ndani ya jalada tangu mwanzo. Hatukulisoma.

Kuna na mambo ambayo watu huyahesabu kuwa ruhusa na siyo. Kununua CD au nota halali hakukupi haki ya kutoa nakala; umenunua nakala ile moja. Kutouza hakubadilishi kitu, maana haki ya kunakili haisubiri faida. Kumtaja mtunzi ni adabu na mara nyingi ni wajibu, lakini si ruhusa. Wala kukosekana kwa alama ya © hakumaanishi wimbo ni wa wote. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kufuatwa leo na nchi nyingi sana, ulinzi unaanza pale kazi inapotungwa, bila kusajili popote.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vinne, kwa sababu ndivyo vinavyoamua kama utalala usingizi baada ya kusambaza.

Cha kwanza ni *ruhusa inagusa nini*: utunzi au rekodi, kunakili tu au pia kubadili, sauti tupu au pia video. Cha pili ni *muda na gharama*. Cha tatu ni *kinachobaki mkononi*, yaani ushahidi utakaouonyesha mtu akikuuliza, na mipaka iliyoandikwa humo. Cha nne ni *inamfaa nani*.

Njia ya kwanza: kumwomba mwenye haki mwenyewe

*Inagusa nini.* Chochote mtakachokubaliana. Hii ndiyo nguvu yake. Kutafsiri maneno, kubadili beti, kutengeneza mpangilio mpya wa sauti nne, kuweka wimbo chini ya picha za video, kunakili rekodi yenyewe kama ilivyo: hayo yote kwa kawaida hupatikana kwa mazungumzo na mwenye mali, kwa sababu njia nyingine huishia kabla ya hapo. Na kwa kuwa mali ni mbili, mara nyingine mazungumzo ni mawili.

*Muda na gharama.* Haitabiriki, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kuweka tarehe ya uzinduzi. Wapo watunzi wanaojibu siku hiyohiyo na kuomba tu watajwe na wapewe nakala mbili. Wapo wachapishaji wakubwa ambao barua yako itakaa miezi. Wimbo wenye watunzi watatu una milango mitatu ya kubisha, kila mmoja na sehemu yake, na kukubaliwa na wawili hakumfungi wa tatu. Hakuna bei maalumu, ni maelewano. Kwa kazi ndogo isiyo ya biashara mara nyingi ada huwa ndogo au haipo, lakini usiende ukiwa umeshachapa. Aliyekwisha kuchapa hana cha kujadili.

Kimya si ridhaa. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia mara nyingi sentensi "tulimwandikia, hakujibu, tukaona ni sawa". Asiyejibu hajakupa kitu.

*Kinachobaki mkononi.* Kinategemea barua yako. Ombi zuri ni fupi na halimwachii mwenye haki kazi ya kubahatisha. Taja jina la wimbo na majina ya watunzi kama yalivyoandikwa kwenye chapisho. Sema unataka kufanya nini hasa: kuchapa maneno katika kitabu, kurekodi upya, au kunakili rekodi iliyopo. Taja idadi ya nakala, umbo lake (karatasi, CD, flashi, faili la kupakua), zitakwenda wapi na kwa muda gani. Eleza kama zitauzwa au kugawiwa bure, na kama zitauzwa, kwa bei gani. Ahidi maandishi ya kumtambua mwenye haki, na uyaandike jinsi yatakavyoonekana. Mwisho weka nafasi ya kusaini na tarehe, ili akikubali asihitaji kutunga barua nyingine.

Ujumbe wa simu wa "sawa, endeleeni" ni bora kuliko maneno matupu, lakini hausemi nakala ngapi wala mpaka lini, na nambari ya simu hubadilika. Uufuate kwa barua pepe inayorudia mlichokubaliana, kisha mwombe athibitishe. Na kama unataka uwe wewe peke yako mwenye ruhusa hiyo, sheria za nchi nyingi zinataka makubaliano ya namna hiyo yawe kwa maandishi yaliyosainiwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye wimbo mmoja au nyimbo chache, ambazo watunzi wake wanafikika. Inamfaa pia yeyote anayetaka kubadili kazi, kuitafsiri au kutumia rekodi yenyewe. Haimfai mwenye kitabu cha nyimbo mia mbili na miezi miwili.

Njia ya pili: chama cha kukusanya mirabaha

Mwaka 1847, katika mkahawa wa Les Ambassadeurs jijini Paris, mtunzi Ernest Bourget na wenzake walisikia nyimbo zao zikipigwa pale ndani. Walipoletewa bili ya vinywaji wakakataa kulipa: mkahawa hauwalipi kwa muziki wao, na wao hawatalipa vinywaji vya mkahawa. Mahakama ikawapa haki, na mwaka 1851 kikaanzishwa SACEM, chama cha watunzi kilichopo hadi leo. Sehemu kubwa ya vyama vya dunia vimefuata nyayo hizo.

Siitaji habari hiyo kwa ajili ya kunogesha. Ukiitazama vizuri, mgogoro ule ulihusu kupiga muziki *hadharani*. Hakuna aliyenakili kitu pale mkahawani. Na mpaka leo leseni ambayo baa, ukumbi au redio hulipia ni ya kupiga hadharani. Kunakili ni haki nyingine, na si kila chama kinaishika. ASCAP ya mwaka 1914 na BMI ya mwaka 1939, vyote vya Marekani, hushughulikia upigaji wa hadharani tu. Ukienda huko kuomba ruhusa ya kutoa CD umekosea mlango. Uingereza, PRS inashika upigaji na MCPS inashika unakili. Kwingine chama kimoja kinabeba vyote. Swali la kwanza dirishani liwe hili: je, mnatoa leseni ya kunakili na kusambaza, au ya kupiga hadharani tu?

*Inagusa nini.* Utunzi wa wanachama wake, na wa wanachama wa vyama vya nje walivyofunga navyo mikataba. CISAC, shirikisho la vyama hivi lililoanzishwa mwaka 1926, ndilo limewezesha wimbo wa nchi moja kulipiwa katika nchi nyingine. Rekodi kwa kawaida haimo. Ruhusa ya rekodi utaitafuta kwa lebo. Kubadili maneno hakumo. Mtunzi asiye mwanachama popote hayumo.

*Muda na gharama.* Kama nyimbo zako zimo katika orodha yao, hii mara nyingi ndiyo njia ya haraka zaidi kwa kazi yenye nyimbo nyingi. Bei ziko kwenye jedwali, zikihesabiwa kwa idadi ya nakala, urefu wa muziki au bei ya kuuzia. Hakuna kubembeleza. Ubaya wake ni uleule: jedwali halijui kwamba kikundi chako ni kidogo na mnagawa bure.

Kwa makanisa ipo leseni ya namna yake. CCLI, iliyoanza mwaka 1988, huyapa makanisa yaliyojiunga ruhusa ya kunakili maneno ya nyimbo ili waumini waimbe, kwenye ukuta au karatasi, kwa ada ya mwaka. Imeokoa kazi nyingi. Lakini haigeuki kuwa ruhusa ya kupiga fotokopi nota za kwaya zinazouzwa madukani, na nimeona wanakwaya waaminifu kabisa wakifanya hivyo wakiamini wamelipia.

*Kinachobaki mkononi.* Hati yenye namba, orodha ya nyimbo, idadi ya nakala na kipindi. Kiwanda cha CD au mchapaji makini ataikubali bila maswali. Hakikisha tu kila wimbo wako umetajwa kwa jina. Hati ya jumla isiyo na orodha inakuachia mzigo wa kuthibitisha kwamba wimbo ulikuwamo.

*Inamfaa nani.* Mwenye nyimbo nyingi za watunzi wengi, taasisi inayonakili mara kwa mara, na mtu ambaye hana nafasi ya kumtafuta kila mtunzi.

Njia ya tatu: leseni ya kisheria kwa wanaorekodi upya

Hii ndiyo njia isiyoeleweka zaidi, na inayotajwa ovyo zaidi. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Berne inaziruhusu nchi kuweka masharti juu ya haki ya kurekodi wimbo uliokwisha kurekodiwa kwa ridhaa ya mtunzi. Nchi chache zimeitumia nafasi hiyo kuweka leseni ambayo mtunzi hawezi kuikataa, mradi alipwe. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Bunge lake liliiweka mwaka 1909, enzi za piano zilizojipiga zenyewe kwa karatasi zilizotobolewa matundu, kwa hofu kwamba kampuni moja ingeshika nyimbo zote. Kiwango kilikuwa senti 2 kwa nakala, na kilidumu hivyo hadi mwaka 1978. Kati ya 2006 na 2022 kilikuwa senti 9.1 kwa wimbo usiozidi dakika tano, na mwaka 2023 kikapanda hadi senti 12. Uingereza nayo ilikuwa na leseni kama hiyo, ikaifuta kwa sheria ya mwaka 1988. Kwa hiyo usidhani ipo ulipo kwa sababu tu umeisoma mahali. Anza kwa kuuliza kama sheria ya nchi yako inaitambua.

*Inagusa nini.* Utunzi tu, na kwa sauti tu. Wimbo lazima uwe ulishatolewa kwa umma kwa idhini. Huwezi kumtangulia mtunzi. Unaweza kuupanga ulingane na mtindo wenu, lakini chini ya sheria ya Marekani huruhusiwi kubadili melodia ya msingi wala tabia ya kazi. Kutafsiri hakumo. Kuchapa maneno kwenye kijitabu cha CD hakumo. Video haimo. Rekodi ya mtu haimo kabisa, na wala biti yake. Tena Mkataba wa Berne wenyewe unasema nakala zilizotengenezwa kwa leseni ya namna hii zinaweza kuzuiwa zikiingizwa nchi nyingine bila ruhusa ya wahusika.

*Muda na gharama.* Inatabirika kuliko zote. Kiwango kinajulikana, unapiga hesabu kwa idadi ya nakala, na hakuna wa kukukatalia. Lakini kuna taarifa ya kumpelekea mwenye haki kabla ya kusambaza, na hesabu za malipo za kila mwezi baada ya hapo. Ndiyo maana wengi hutumia mawakala au wasambazaji wa mtandaoni wanaobeba makaratasi hayo kwa ada. Ukimtumia msambazaji, soma anachokifanya hasa. Wapo wanaolipia utunzi kwa niaba yako katika nchi fulani tu, na nchi nyingine wanakuachia wewe.

*Kinachobaki mkononi.* Nakala ya taarifa uliyoituma, tarehe yake, na risiti za malipo. Kosa la tarehe linaumiza: taarifa iliyochelewa inaweza kukunyima leseni yote, ukajikuta umesambaza bila ruhusa ilhali fedha ulikuwa nazo tayari.

*Inamfaa nani.* Bendi, mwimbaji au kwaya inayorudia wimbo maarufu kwa sauti zao, katika nchi yenye leseni hiyo, bila video na bila kubadili maneno.

Njia ya nne: nyimbo zilizo wazi tayari

Hapa kuna vikapu viwili, na si vizuri kuvichanganya. Kimoja ni cha milki ya umma, nyimbo ambazo ulinzi wake umekwisha. Kingine ni cha leseni huria, nyimbo ambazo zina mwenyewe lakini ametangaza ruhusa kwa yeyote atakayefuata masharti.

*Inagusa nini.* Kwa milki ya umma, chochote: kunakili, kuuza, kutafsiri, kubadili. Ila kila mali ina saa yake. Mkataba wa Berne unaweka kiwango cha chini cha uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Umoja wa Ulaya na nchi nyingine nyingi ni miaka 70. Mexico ni 100. Kama watunzi ni wawili, hesabu inaanza kwa kifo cha aliyebaki wa mwisho. Kwa hiyo maneno na melodia vya karne ya 18 ni vyako, lakini tafsiri iliyofanywa miaka thelathini iliyopita ina mwenyewe, mpangilio mpya wa sauti una mwenyewe, na rekodi ya kwaya ya jana ina mwenyewe. Mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu, wa mwaka 1996 unazipa rekodi ulinzi wa angalau miaka 50. Marekani, rekodi za kabla ya mwaka 1923 zilifunguka tarehe 1 Januari 2022 tu, ingawa tunzi nyingi zilizomo zilishakuwa huru miaka mingi nyuma.

Leseni huria zinazojulikana zaidi ni za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Herufi zake ndizo masharti. BY inakutaka umtaje mtunzi. NC inakuzuia kufanya biashara. SA inataka kazi utakayoizalisha kutokana na hiyo itolewe kwa leseni ileile. ND inakuzuia kusambaza kazi uliyoibadili. Wengi hushangazwa na hii ya mwisho: kwa toleo la 4.0, kuoanisha muziki na picha za video huhesabiwa kuwa kubadili. Wimbo wenye ND unaweza kuunakili kwenye CD, usiuweke chini ya video.

*Muda na gharama.* Hakuna ada wala kusubiri. Gharama yake ni uchunguzi, na uchunguzi huo unastahili siku nzima. Wimbo wa siku ya kuzaliwa unaoimbwa kwa Kiingereza dunia nzima ulilipiwa kwa miongo kadhaa, mpaka mahakama ya California ilipoamua mwaka 2015 kwamba kampuni iliyokuwa ikitoza haikuwa na haki halali juu ya maneno yake. Mwaka uliofuata ikafikiwa suluhu ya dola milioni 14. Miongoni mwa ushahidi uliojitokeza katika kesi hiyo ni kitabu cha zamani cha nyimbo kilichoonyesha wimbo umechapwa bila dai la hakimiliki. Nyaraka za kale zina nguvu hiyo kwa pande zote mbili: zinaweza kukufungulia wimbo ulioambiwa umefungwa, na zinaweza kumfichua mwenye haki wa wimbo unaodhani ni wa jadi. "Wa jadi" ni neno linaloandikwa upesi sana mtu asipomjua mtunzi.

*Kinachobaki mkononi.* Hapa ndipo njia hii ni dhaifu, maana hakuna aliyekusainia. Jitengenezee faili: mwaka wa kifo cha mtunzi na ulipoupata, nakala ya chapisho la kale ulilotumia, picha ya ukurasa wenye leseni ikiwa na tarehe. Leseni za Creative Commons haziwezi kubatilishwa kwa nakala iliyokwisha kutolewa chini yake, hivyo picha hiyo ni kinga yako mwenye wimbo akibadili nia. Angalia pia kama aliyeweka leseni alikuwa na haki ya kuiweka. Mtunzi aliyekwisha kukabidhi haki zake kwa chama cha mirabaha anaweza asiwe na uhuru huo.

*Inamfaa nani.* Asiye na bajeti, mwalimu, mtengeneza video, na kila ambaye hafungwi na wimbo mmoja maalumu. Haimfai mwenye hadhira inayosubiri wimbo fulani wa mwaka jana.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

*Kwaya au bendi inayorekodi upya nyimbo za wengine.* Orodhesheni watunzi kwanza, kabla ya kuingia studio. Nyimbo zikiwa nyingi, anzeni na chama kinachotoa leseni ya kunakili, kisha mwandikieni moja kwa moja kila mtunzi asiyemo. Kama nchi yenu ina leseni ya kisheria, itawafaa kwa zile nyimbo ambazo wenyewe wakubwa hawajibu barua. Mkitafsiri hata ubeti mmoja, wimbo huo urudi njia ya kwanza.

*Unachapa kitabu cha nyimbo au karatasi za maneno.* Leseni ya kurekodi haikusaidii. Tafuta mchapishaji wa kila wimbo. Vitabu vingi vya namna hii hukamilika kwa mchanganyiko: nusu milki ya umma, nusu kwa barua. Wimbo usiopata jibu, uache nje. Kitabu hakitakufa kwa kukosa wimbo mmoja.

*Unataka kugawa rekodi kama zilivyo, kwenye CD au flashi.* Hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu unahitaji pande zote mbili kwa kila wimbo, na chama peke yake kwa kawaida hakikutoshi. Kama lengo ni watu wausikie tu, mpe kila mmoja orodha na kiungo cha mahali wimbo ulipowekwa kihalali. Hunakili kitu, na msanii anahesabiwa msikilizaji.

*Unatengeneza video.* Nenda kwa mwenye utunzi na mwenye rekodi, au chukua wimbo huria usio na ND. Kama video italipiwa au ina matangazo, epuka na NC.

*Unafundisha darasani.* Sheria nyingi zina nafasi ndogo kwa ajili ya mafundisho, lakini upana wake hutofautiana, na mara chache hufika kwenye kumpa kila mwanafunzi nakala ya kitabu kizima. Soma ya nchi yako. Nyimbo za milki ya umma zitakubeba mbali.

*Mwenye haki hapatikani.* Andika kila hatua ya utafutaji, na tarehe zake. Kanada na Uingereza zina ofisi zinazoweza kutoa leseni kwa kazi ambazo wenyewe hawapatikani baada ya kutafutwa kwa dhati. Uliza kama nchi yako ina utaratibu kama huo. Kama haina, rekodi zako za utafutaji zinaonyesha nia njema, lakini bado si ruhusa, na wimbo huo usitangulie wengine kwenda kiwandani.

*Siku zimebaki kumi.* Usitume barua kumi ukiomba huruma. Baki na nyimbo ulizokwisha kuruhusiwa kwa maandishi, jaza mapengo kwa milki ya umma ambayo kwaya inaijua tayari, na ule wimbo mliouimba kwa miezi mitatu uwekeni kwa toleo lijalo. Barua ya kuuomba itume leo.